Kisiwa Kidoleni

Saa kumi alfajiri, kisiwani Guañape,
baba yangu Saturnino Yauri
alijifunga kitambaa puani, akashika sururu,
akachimba mavi.

Sisemi samadi. Mwenyewe alisema mavi,
kwa Kikechua, huku akicheka,
na mama akizimwagia nguo zake maji ya moto nje ya mlango
kule Carhuaz, mlimani, ambako mnandi hajawahi kutua.

Minandi laki tano hula dagaa,
hurudi kwenye mwamba usioijua mvua,
hunya.
Mwaka hulalia mwaka hadi kimo cha nyumba.
Magunia mia kwa siku, kilo hamsini gunia,
vumbi likiwasha macho kama kitunguu kisichoisha kukatwa,
na Jumamosi, mbele ya karani, dole gumba kwenye wino:
hakujua herufi hata moja.

Hakujua?

Mimi niliyesomeshwa na magunia yale
niko Lima, katika maabara yenye baridi ya friji,
nawachorea wanafunzi ubaoni:
chumba cha pembe sita, chumba cha pembe tano,
wamegawana ukuta mmoja kama wapangaji.
Kaboni ni matofali. Kwenye kona nne
amesimama naitrojeni, mkono tayari.
Huyu ni guanini; jina amelitoa mavini.
Humo ndimo alimopatikana kwanza,
ndipo baadaye akakutwa ndani ya kila kilicho hai,
ameshikana na sitosini mara tatu,
herufi moja kati ya nne
zilizomwandika mwani, na nzi, na askofu.

Wanafunzi hucheka penye mavi.
Huwangoja wamalize.

Machi akapiga simu: kidole cha mguu kinaungua,
shuka likigusa tu napiga kelele.
Nikamtoa damu. Mashine ikasoma
kitabu ambacho hakuna karani aliyemwekea wino,
na katika mstari mmoja, pa guanini wa vyumba viwili
amekaa timini, chumba kimoja.
Kosa dogo. Basi mlango wa figo hausukumi sawasawa,
na asidi ya yuriki, ndugu wa ukoo wa guanini,
ile ile iliyojaa maguniani,
haitoki. Inajenga,
fuwele juu ya fuwele,
kwenye kiungo kisichoijua mvua.

Nilimweleza nikimfungia barafu.
Akanyamaza kama anayehesabu magunia.
"Kumbe nilikihamisha kisiwa," akasema,
"kikanifuata."
Halafu: "Hiyo herufi iliyopotea, nikuletee?
Najua ilipo."

Akaomba kalamu. Aliishika kama sururu.
Nyuma ya boksi la vidonge akachora
vyumba viwili, ukuta mmoja,
ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.
Chumba chake kikubwa kina pembe saba.
Sikusahihisha.