Mchezaji wa Akiba

Saa sita na dakika kumi bando la usiku linaanza
nami naingia mwaka hamsini na tano
kwa shilingi mia tano.
Magazeti yenyewe ni bure. Mtu fulani, sijui wapi,
ameyapiga picha ukurasa kwa ukurasa
na kidole gumba chake kimebaki pembeni,
juu ya bei za mkonge.

Hayafunguki upesi. Linakuja tangazo la baiskeli,
halafu msiba wa mke wa mhandisi, halafu,
kama mtu anayevutwa shuka taratibu,
kriketi.

Mashine iliyosoma kurasa hizi haioni vizuri.
Upanga imeiandika Upauga.
Wiki mbili natafuta Upanga, naambiwa hakuna kitu,
mpaka nilipojifunza kukosea kama inavyokosea yenyewe:
n nikaipindua ikawa u,
na jua la Jumapili likaniangukia chumbani,
hapa Magomeni, neti ikiwa imeshashushwa.

Babu yangu, Kondo Pazi, alivuta rola uwanjani pale,
yeye na mwenzake Chaurembo,
chuma kizito kama deni, kwenda na kurudi,
mpaka udongo uling'aa kama ukosi wa karani.
Kila Idi, pilau ikishashuka, alituambia:
siku moja mchezaji wa Wenye Maduka alishikwa na tumbo,
wakaniita, vaa hii suruali, simama kule mbali,
usiguse kitu.
Mpira ukaja.

Hapo aliinua kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto,
kilichopinda kama msumari uliogoma kuingia.
Mjomba Shomvi alicheka:
kidole kile kilibanwa na mlango wa ghala, Gerezani.
Babu hakubishana. Aliomba maji ya kunawa.

Sasa ninayo orodha mbele yangu.
Naisoma kama leja, kidole kwenye kioo.
Pemberton, mikimbio arobaini na moja,
kadakwa na wa akiba, mpira wa Vallabhdas.

Wa akiba. Basi.
Kama tairi. Kama mkaa wa kesho.
Vallabhdas ana jina. De Mello, aliyetoka bila mkimbio hata mmoja,
ana jina. Mwamuzi ana jina
na herufi mbili za kumtangulia.
Aliyeleta chai wamemshukuru: Bibi Pemberton.

Nikasoma tena. Nikakuza picha
mpaka wino ukawa madoa, na madoa
hayakuwa na la kuongeza.
Umeme ukakatika. Simu, asilimia tisa.

Asubuhi nikampelekea Mjomba karatasi,
nimeichapisha stationari kwa shilingi mia mbili.
Akavaa miwani. Akavua.
"Wa akiba anaweza kuwa yeyote," akasema.
"Anaweza kuwa mpwa wa Vallabhdas."
Ni kweli. Anaweza.
Lakini karatasi hakunirudishia,
aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa kanzu.

Kwenye hifadhi ile msomaji ameruhusiwa
kusahihisha maneno yaliyosomwa vibaya.
Usiku wa pili kishale kilikonyeza, kikangoja.
Kondo. Herufi tano tu.
Nani angekuja kuniuliza, na kutoka wapi?
Vidole vyangu viliandika K.
Nikakaa nayo kitambo.

Babu akikuta jani moja limevuka mstari wa chokaa
aling'oa lile moja,
jirani yake hakumgusa.

Nikaifuta.
Nikaenda juu, kwenye kichwa cha habari,
nikaigeuza u ikawa n, nikahifadhi.
Atakayetafuta Upanga leo ataiona:
nyasi, chai, Pemberton akirudi na bati kwapani, amenuna,
na kule mbali, karibu na uzio,
mtu amevaa suruali isiyo yake
anapuliza kidole.