Pembe ya Nne

Miaka ishirini na sita, hapa Barabara ya Nane,
namtia Manju Sebarua kwenye fremu.
Mia na arobaini nimeshamtia, kama si zaidi.
Picha ni ile ile: koti la kuazima,
kifungo cha juu kinamkaba,
nyuma pazia la studio lenye maporomoko ya maji
ya nchi asiyowahi kuikanyaga.
Posta yupo. Shule za Makorora yupo.
Benki yupo, kando ya kalenda.
Mimi namjua kwa futi:
nchi kumi na mbili kwa kumi na sita.

Jana kaja Mwanashehe Mhando, mchoraji,
kakumbatia gunia la mkonge lililowambwa ubaoni,
rangi bado inanata.
"Nitilie fremu, fundi. Ni Manju."

Manju yupi?

Uso kijani, kijani cha jani lililopondwa,
ule utomvu unaowasha mpaka kwapani.
Jicho moja mahali pake, la pili limeteremka shavuni
(nilipima: nchi mbili na robo).
Mikono imekizidi kiwiliwili,
vidole vimechambuka nyuzi nyuzi
kana kwamba vimepita mashineni.
Na kinywa, Mola nisamehe,
kinywa kimeanzia sikioni
kikaenda, kikaenda, kikatoka nje ya gunia.

Nikamwambia, binti, umemharibu mtu wa watu.
Afisa Utamaduni atakuuliza koti liko wapi.
"Koti," kasema, "nimelirudisha kwa mwenyewe."

Usiku sikulala vizuri.
Mama alikata mkonge Kigombe.
Manju, alisema, humwoni:
alfajiri, safu ndefu, umande, miiba,
unasikia sauti tu inahesabu mitita kwa wimbo,
na ndani ya hesabu, kwa mafumbo,
ishirini na tano zilizokatwa, kumi na tisa zilizoandikwa,
na nyapara mwenyewe anaitikia kiitikio,
mguu unamcheza,
hajui ndiye anayeimbwa.

Nilipomletea mama ile picha ya koti,
ya kwanza kabisa niliyoitia fremu, zawadi ya Idi,
aliigeuza, akaigeuza tena.
"Karani huyu," akaniuliza, "ni wa wapi?"
Nikacheka. Nikadhani ni macho yake.

Asubuhi nimechagua mvule.
Pembe ya kwanza imekaa. Ya pili. Ya tatu.
Ya nne, kule kinywa kinakopitia,
nimeikata mara tatu na mara tatu imekataa,
mimi, ambaye wanafunzi wangu wananiita Bwana Pembemraba.
Nikaiacha wazi, upana wa kidole.

Mwanashehe kaja, kaitazama ile pembe,
kapitisha ukucha kwenye ufa,
wala hakuuliza.
Kalipa nusu.
Nusu iliyobaki, kasema, atalipa Afisa akiipenda.

Basi hiyo nusu nimeshaisamehe.