Majibu ya Maji

Mwezi wa saba walikuja na gari jeupe,
wakachota kisima chetu ndani ya chupa tatu,
wakaandika: Maziwang'ombe, nambari nne.
Kijana wa maabara alivaa glavu.
Mimi nilimshikia ndoo kwa mikono mitupu.

Mwezi wa kumi nikaenda Wete kuuliza.
Nikakaa kwenye benchi lenye mguu wa tofali
mpaka adhana ya adhuhuri.
Bwana Shaame akafungua droo, akafunga droo.
"Majibu yapo, Bi Mize.
Lakini ni siri ya ofisi."

Siri.
Nimezaa saba, nazijua siri.
Siri ni mimba ya miezi miwili.
Siri ni sanda yangu chini ya sanduku,
wanangu wasije wakaiona wakalia kabla ya siku.
Siri haichotwi kwa ndoo,
haipikiwi uji wa watoto wa chuoni,
haichemki ikaacha ukoko mweupe
unaokwanguliwa kwa kijiko.

Nikamwambia: Mwanangu,
hilo faili mimi ninalo tumboni.
Lako tu ndilo lenye muhuri.

Akatazama dirishani.
"Watu wakijua wataingiwa na hofu."
Hofu tunayo, bwana, tunaamka nayo.
Tunalolitaka ni jina lake.

Basi mimi niliyeishia darasa la tano
nikaandika kwa mkaa, ukuta wa kisima:
TUNAOMBA MAJIBU YA MAJI YETU.
Jumamosi sheha akaja na chokaa.
Jumapili nikaandika tena,
Sichana kanimulikia tochi ya simu.
Jumanne, chokaa.

"Bi Mize, unaipinga serikali?"
Nilicheka, ingawa magoti yaligongana.
Sheha, nilipanga foleni ya kura tangu alfajiri,
kidole changu kikakaa na wino wiki nzima.
Nimewapa chungu wanipikie;
nikiuliza kilichomo, nimekuwa adui?
Hakujibu. Alinawa chokaa mikononi
kwa maji yale yale.

Sasa ukuta umenenepa.
Vuli ikinyesha, chokaa huambuka,
na watoto husoma kwa kidole:
...JIBU YA MA...
wakaniuliza maneno mengine yamekwenda wapi.

Jana mke wa sheha alikuja na ndoo mbili.
Hakunisalimu.
Kabla hajachota, aliingiza mkono ndani ya ndoo moja,
akatoa vipande vitatu vya mkaa,
akaviweka ukingoni, mahali pakavu.