Maonyesho ya Sita, Kirumba

Misumari ni ileile ya mwaka jana,
ukuta uleule wa ghala la chumvi.
Lugembe kaleta vinyago, Doto picha za mawe,
na Masalu, kama kawaida yake, sangara.

Nyanzobe akasimama, ndoo kichwani, haijajaa.
"Huyu ana kilo ngapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
"Mara ya kwanza mkia ulivuka fremu.
Sasa naona maji tu."

"Nachora kinachofika mwaloni, mama."

Akatua ndoo.
Akampima kwa kiganja, kichwa hadi mkia,
akarudia, kama mtu aliyepunjwa.
Bei hakuuliza.
Akainyoosha picha, ilikuwa imekaa upande,
akajitwisha ndoo yake.

"Mwache kwanza," akasema, "akue."