Chaneli ya Pili

Kazi yangu ni kusema "mimi" nikiwa sipo.
Kibanda cha kioo, ghorofa ya tatu, Arusha,
na Meru amejifunika tangu Jumatatu
kama mgonjwa asiyetaka kuonwa.

Asubuhi nilisema: mimi sikuamuru kijiji kile kichomwe.
Kabla sijameza mate nikasema:
mimi nilikuwa ndani ya nyumba ya nne.
Mdomo uleule. Glasi ileile ya maji.
Kundaeli akanipokea kwa dakika ishirini,
nikaenda msalani nikanawa mikono,
sijui nilikuwa nanawa ya nani.

Siku nne waligombea neno.
Hawa walitaka kusimamisha mapigano, wale kukomesha.
Nikatafsiri, nikatafsiri, na moyoni nikasema
kilichosimama kina miguu.
Lakini mkalimani hatii chumvi katika chungu cha watu.

Wakati wa chai walipanga foleni mbili
mbele ya birika moja.
Bakuli la sukari moja, kijiko kimoja;
kanali mwenye koti la kijivu akakishika
akasita, hajui ampe nani,
mpaka mhudumu, binti wa Sanawari, akakitwaa
akawatilia wote viwili viwili, bila kuuliza.
Hilo halikuingia kwenye muhtasari.

Alhamisi wakamleta Spesioza kutoka kambini,
viatu vya kuazima, kisigino kimoja nje.
Walimwandalia swali kuhusu maridhiano.
Yeye akauliza la kwake:

Aliyemuua mume wangu aliondoka na ng'ombe.
Mmeandika hapa ng'ombe atarudi. Vema.
Ni miaka tisa. Amezaa mara tatu.
Ndama ni wa nani?
Wamekula majani yake. Watoto wake wamekunywa yale maziwa.
Maziwa siyadai.
Nauliza ndama.

Mwanasheria mmoja alicheka.
Kicheko kikaenda hatua mbili, kikakosa wa kufuatana naye.
Na mimi, chaneli ya pili, nilikuwa nimekwama
kwenye "maziwa", nimeshikilia kipaza sauti,
na ukumbi mzima, masikio yamezibwa kwa spika,
ukisikiliza pumzi zangu.

Jumamosi nikapanda Kidia.
Mimi ninayepatanisha sentensi za watu
nina kaka, Ndekirwa; miaka saba hatujasalimiana.
Aling'oa masale ya mpaka
akayapanda upya hatua mbili ndani ya kihamba changu.
Migomba kumi na mmoja ikalala kwangu, ikaamkia kwake.
Sasa imechipua.
Njia nzima nilikuwa nahesabu vichipukizi.

Nilichuma jani la isale, nikalipiga fundo.
Jani hili halikataliwi, ndiyo sheria ya huku mlimani;
ndiyo maana watu hufikiri sana kabla ya kulibeba.
Nilimkuta mferejini, anazibua takataka.
Akaliona jani. Akayatazama maji.
"Umekosa nini wewe?"

Nilikuwa nimejiandaa kusamehe.
Hilo la kukosa sikuwa na maneno yake,
na hapakuwa na kioo,
hapakuwa na Kundaeli wa kunipokea.
Nikasema: mimi.
Nikanyamaza.
Nikasema: mimi ndiye niliyewaambia wasikupe koleo
siku tuliyomzika mama.

Alilipokea kwa mkono wenye tope.
Kuhusu mpaka hakutamka kitu, wala mimi.
Alisogea tu, nikapata pa kukanyaga,
tukavuta majani yaliyooza hadi giza likaingia.
Maji yalipita. Si mengi.

Jumatatu rasimu ilirudi imechapwa upya.
Kifungu cha kumi na saba, pembeni,
mtu alikuwa ameongeza kwa penseli: na ndama.
Sikuujua mwandiko.
Kanali akainua mkono.
Upande wetu, alisema, unaomba muda,
kwanza ijulikane ni ndama wangapi walio hai.
Spesioza alikuwa ameketi nyuma, miguu peku, viatu mapajani.
Nikanywa maji.
Nikabonyeza kitufe.