Mwiko

Saa moja asubuhi, maabara ya maji, Nyegezi.
Nimepima unga wa agari, gramu ishirini na nane,
kwenye mizani inayokasirika mtu akiipumulia.
Maji safi lita moja. Chupa ya kioo.
Halafu kile kidude cheupe, ukubwa wa harage,
kinatumbukia, tumbwi, kinalala chini
kama hakikuitwa.

Nazungusha kitufe.
Kinagutuka, kinagonga kioo, ka-ka-ka,
kama mpangaji aliyeamshwa na mgambo,
kisha kinajikusanya, kinashika mwendo,
na maji yanajifungua katikati:
kisulisuli chembamba, kimya,
shimo linalozunguka bila kuchimbwa.
Chini ya bamba la moto kuna sumaku inayozunguka.
Ndani ya harage kuna chuma kinachoitii.
Baina yao kioo, na hakuna anayemgusa mwenzake.

Mama alikuja mara moja tu, kuniletea ufunguo.
Mama Kwandu wa uji, Mwaloni,
miaka kumi na tisa ya sufuria namba arobaini,
akianza saa tisa usiku, kabla dagaa hawajashushwa,
kifundo cha mkono wa kulia kimevimba kama tangawizi.
Akasimama mbele ya chupa.
"Nani anakoroga?"
Hakuna mtu, mama.
Akainama, akachungulia uvunguni mwa meza.
Akanyooka taratibu. "Na mwiko uko wapi?"
Humu ndani, mama, mwiko ni mwiko.
Hakucheka. Aliutazama ule mzunguko
muda mrefu, huku akijisugua mkono,
kama mtu anayesomewa deni alilokwisha kulipa
akaambiwa halikuwa lake.

Leo umeme umekatika, agari ikiwa nyuzi tisini.
Harage limelala. Bamba bado lina moto,
na uji wowote, uwe wa ulezi, uwe wa vijidudu,
una tabia moja: ukiupa kisogo, unashika chini.
Sampuli za Igogo zinasubiri kwenye barafu,
maji ya pale watoto wanapoogea
hatua nne kutoka vyombo vinaposuuzwa.
Barafu haijui mgao.
Nikavaa glavu, nikachukua fimbo ya kioo.
Raundi ya hamsini kifundo kikaanza kulalamika,
ndipo nikamsikia, waziwazi, juu ya bega:
Korogea begani, we Kwandu. Kifundo ni bawaba tu.
Nikakorogea begani.
Chembe zikayeyuka moja moja, ukungu ukaondoka,
chupa ikang'aa rangi ya nyasi za Agosti,
na kwa dakika ishirini sikuwa na cheti chochote,
nilikuwa na mkono.

Umeme ukarudi bila hodi.
Kitufe nilikuwa nimekiacha kwenye tisa.
Harage likaruka kama limeumwa na siafu,
povu likapanda shingo ya chupa, likafurika,
likachachatika kwenye bamba,
na maabara nzima, pamoja na cheti chake cha ubora ukutani,
ikanuka nyumbani kwetu.

Naandika daftarini kwa Bwana Rwegoshora:
Hasara, mililita mia na kitu. Sababu, umeme.
Kitufe sikitaji.
Kisha naketi nakwangua ukoko kwa kisu butu,
ukoko mweusi, unaovunjika vizuri,
ambao hakuna mtoto atakayeugombea.