Ukuta wa Mashine

Mimi ni msagaji. Unga umeniingia mpaka masikioni.
Mashine yangu iko Yumbe, njia ya kwenda Koboko,
na ukuta wake wa mbele hauna dirisha.
Ndiyo maana diwani aliuchagua.

Alikuja na misumari minne mdomoni, kama fundi,
na karatasi ya daftari la shule, mistari ya buluu.
Aliigonga kwa jiwe, sikuwa na nyundo.
Swadik Drajiga, wiki ya tatu tangu aapishwe.
"Kila Jumatatu," alisema. "Wajue nalala nikiwaza nini."

Na aliandika. Mungu shahidi, aliandika
kama mtu anayezungumza huku akimenya muhogo:
Abari zenu. Jino linaniuma tangu Alamisi.
Kikao cha bajeti kilichukua saa sita,
nne kati ya hizo tulijadili viti vya kukalia.
Maitaji yenu niliyataja. Waliyaandika. Kusikia, sijui.
Mama yangu Hajara anasema nimekonda.

Huku kwetu ulimi huiruka h
kama mtoto arukavyo dimbwi,
na kalamu yake ilifuata ulimi.
Aki. Eshima. Ospitali. Aadi.
Mwalimu Asiku alisimama pale na kalamu nyekundu,
akasahihisha, akampa sita kwa kumi.
Tulicheka. Wiki iliyofuata diwani naye akacheka, kwa maandishi.
H moja tu hakuwahi kuikosa:
ile kubwa ya jina la mama yake.

Nasi tukajibu. Pembeni, chini, kwa penseli;
karatasi ilipojaa, kwa mkaa, ukutani.
Pampu ya sokoni inatoa kutu.
Mwanangu ana miaka minane, daraja lina ahadi ya miaka tisa.
Jino vipi?
Candiru muuza simsim, asiyejua kusoma,
alichora mto, na ng'ombe ndani yake, miguu juu.
Diwani alijibu kwa kuchora:
yeye mwenyewe, mfupi, tumbo wazi,
akivuta ng'ombe mkia.
Daraja halikuja. Yalikuja makalvati mawili ya saruji.
Tulivuka, kiangazi.

Kisha tukampa muhula wa pili, akapata gari,
na karatasi ikaja nyeupe, imepigwa chapa,
na picha yake juu, meno yote mazima.
Ndugu wananchi, habari zenu.
Mahitaji. Haki. Heshima.
Kila h imevaa viatu.
Nilimsomea Candiru mpaka mwisho.
Alifunga kitambaa chake cha pesa, akaniuliza,
"Leo mbona hana sauti?"

Usiku mtu akaandika kwa mkaa:
Diwani, h umeinunua wapi?

Kijana wa ofisini, mwenye miwani, aletaye karatasi kwa pikipiki,
alisoma, akatabasamu upande mmoja, akaondoka.

Jumatatu iliyofuata zilikuwa zimeng'olewa zote.
Abari. Aki. Ospitali.
Hata jino lilirudi, likauma.
Watu wakaanza kucheka, nami nikaanza,
bega kwa bega na magunia,
mpaka mstari wa mwisho:
Mama yangu Ajara anawasalimu.

Mkanda wa mashine ukikatika
hausikii mlio. Unasikia tu
kwamba mlio umeondoka.

Hakuna aliyeandika kitu siku ile.
Mwalimu Asiku alitoa kalamu nyekundu,
akaitazama, akairudisha mfukoni.

Jioni, nikifunga, niliokota mkaa kando ya jiko
na kwa mkono huu mweupe wa unga
nikamrudishia mama wa watu herufi yake,
kubwa, ikatoka nje ya karatasi,
ikashuka ukutani.

Asubuhi Candiru alitua beseni lake,
akasimama, kichwa upande.
Nguzo mbili, ubao mmoja katikati.
"Nani," akauliza,
"amechora daraja?"